Nguo Zisizoanuliwa

Machi 28

Nimeingia mji huu kwa makalio. Gari lilisimama, nikashusha mguu kwa madaha ya mtu anayesubiriwa, tope likanichukua, nikakaa chini mbele ya Mwenyekiti wa mji na wazee wenzake waliokuja kunipokea. Hakuna aliyecheka. Wangecheka ningecheka nao yakaisha. Badala yake walisema "pole, Mtaalamu" wote kwa pamoja, wakatazama pembeni, na aibu ikanikaa usoni njia nzima.

Nimepewa chumba kwa mjane wanayemwita Mama Barafu, kwa kuwa anauza barafu na maji baridi dirishani. Kuna kitanda, meza ya kuandikia yenye mguu uliofungwa kwa mpira, na ukuta unaopakana na friji yake inayokoroma kutwa. Mumewe ni mmoja wa watatu waliokufa tangu mvua zianze. Sijamuuliza neno. Wenzangu wa kazi hii ya kufuatilia vifo vya ajabu huanza kwa kuuliza maswali, ndiyo maana hudanganywa. Mimi siulizi. Natazama, nasikiliza, naandika, na siku ya kusema ikifika nasema mbele ya watu. Jina langu nimelijenga hivyo.

Ameichukua suruali yangu yenye tope, akanikopesha mabuti ya mpira ya marehemu. Yananikaa sawasawa. Dirishani naona ua wake: shuka, magauni na mashati vimejaa kambani, mvua inavinyeshea, na hakuna anayevianua.

Machi 29

Mkutano nyumbani kwa Mwenyekiti. Ni mtu wa maneno machache na chai nyingi. Amenieleza vifo. Fundi cherehani alikutwa uani kwake asubuhi ya mvua, amelala chali, ngumi imefungwa. Akafuata mume wa Mama Barafu, vilevile. Kisha mlinzi wa shule, vilevile. Hakuna jeraha, ila kwenye kiganja kuna alama ndogo iliyopauka, kama ya mtu aliyeshika sufuria ya moto. Wote walikuwa pekupeku.

"Mji huu hauna siri, Mtaalamu," alisema. "Sisi ni ndugu."

Nikamjibu kwa sauti yangu ya kazi: "Kikulacho ki nguoni mwako."

Kikombe kikamtoka mkononi, chai ikamwagikia mkeka. Wazee wakatazamana. Nilifurahi kuona neno moja tu la wahenga limewatikisa namna ile.

Machi 30

Mvua. Nimekaa ndani.

Aprili 1

Nimezunguka mji mzima kwa miguu. Ni mitaa mitatu na mashine ya kusaga, zahanati, shule, maduka. Kila ua una kamba ya nguo, na kamba za ua huu zimeungana na za ua wa pili, zinapita juu ya kuta na kona za mabati, mji wote umeshonwa. Na kila kamba ina nguo. Mvua ikinyesha watu wanakimbiza viti, wanakimbiza kuni, wanakimbiza watoto. Nguo wanaziacha. Nimesimama chini ya paa la duka nikamwona mama mmoja akipita karibu na shuka lake mwenyewe, akainama kulikwepa.

Nimeandika: wafu wanaachiwa nguo. Sijawahi kuona kitu kama hiki, na nimeona mengi.

Niliporudi uani kwa Mama Barafu, mvua ikiendelea, nilisogea nikalishika koti moja la kiume lililoning'inia. Vidole vikaingia ganzi, ikapanda mpaka kwenye kiwiko, ikatetemeka hapo. Nikaachia. Nikashika tena, ikaja tena. Nywele za mkono zilisimama.

Miaka yote hii nimesoma dalili, nyayo kwenye unga, maji yanayotikisika kwenye bakuli, na leo chenyewe kimenisalimia kwa mkono. Nimelia kidogo kwa furaha. Mama Barafu alikuwa ametoka mlangoni, amejishika mdomo. Aliyatazama mabuti yangu, halafu akarudi ndani.

Aprili 3

Kuna nyumba moja tu isiyofuata desturi hii ya nguo, ya dobi, mwanamke mtu mzima wanayemwita Mama Pasi. Nyumba yake iko katikati ya mji. Kamba zake ni za katani, hazijaungana na za jirani yeyote, na wingu likikunja uso tu anatoka mbio na beseni kuanua. Taa hana, anawasha kibatari. Pasi yake ni ya mkaa, ina jogoo wa chuma kwenye kifuniko.

Nilimpelekea mashati yangu ili nipate sababu ya kukaa. Ananyoosha huku anaongea, hakutazami.

"Wewe ndiye waliyemwita?"

"Ndiye mimi, mama."

"Umeshajua nini?"

"Mimi siulizi wala siulizwi. Wakati ukifika nitasema."

Akacheka mpaka akaiweka pasi chini. "Haya bwana. Basi na mimi nikupe la bure. Mvua ikinyesha, usiguse nguo za watu. Umesikia, baba? Hata iwe ya kwako, iache. Utakufa."

Alisema "utakufa" kama anayesema "utachelewa". Nikamwuliza, kinyume cha taratibu zangu, amejuaje. Akauma mdomo, akachungulia nje kama kuna mtu mlangoni.

"Ninajua. Wewe shika hilo ulilosikia."

Nimeandika maneno yake kama yalivyo, nikayapigia mstari. Ni yeye aliyefua nguo za wote watatu. Aibu ya maiti aijuaye mwosha, nami naona huyu anajua zaidi ya aibu.

Aprili 4

Nimempigia simu mke wangu. Ni mwalimu wa hesabu, na kazi yangu huwaambia ndugu zake kwamba ni "utafiti". Nilimweleza habari ya nguo.

"Wanaanika kwenye mvua?"

"Kila nyumba."

"Sasa si uwaulize kwa nini?"

"Unajua siulizi."

"Mume wangu, mtu anayeanika nguo mvuani ama ana wazimu ama zile si nguo za kuvaa. Uliza tu. Swali halichubui mdomo."

Nilimwambia hayo hayako kwenye vitabu vyake. Akasema kweli, akaniaga. Nilibaki na simu mkononi, masikio yananiwaka, kama mwanafunzi aliyerudishwa kukaa chini.

Aprili 7

Mvua. Unga niliomwaga mlangoni umeliwa na kuku.

Aprili 9

Mwenyekiti amekuja, amekaa kitandani kwangu. Shirika la umeme linaleta wakaguzi, anasema. Vifo vimeandikwa polisi, polisi wamewaambia wa shirika, na watu wa nje wakija watachafua mji. Anaomba niseme mapema. Sikuona vifo vya majini vinahusu nini shirika la umeme, lakini sikuuliza.

"Nani hapa hana msiba?" alisema, kama mtu anayejiuliza mwenyewe. "Nani yuko katikati ya mji na hakuna lililomgusa?"

Nilimwambia nimeshaliona hilo kabla yake.

Jioni Mama Barafu aliniletea maji ya kuoga, akasimama mlangoni. "Mtaalamu, yule mama alinifulia nguo za mtoto bure nilipokuwa mzazi." Nikamsubiri aendelee. Alisema maji yatapoa.

Aprili 11

Nimesema. Uwanja wa shule ulijaa, miavuli na mifuko ya plastiki vichwani. Nilisimama kwenye ngazi ya darasa nikaeleza hatua kwa hatua: nyumba zote zina msiba au hofu ila moja, mji mzima una desturi moja ila mtu mmoja, marehemu wote nguo zao zilipita kwenye mikono ile ile, na mwenye mikono hiyo alinitishia kifo kwa kinywa chake. Nikanyoosha kidole.

Nilitegemea kelele. Huko kwingine watu hupiga mayowe, wengine huanguka. Hawa walinyamaza. Walitazama chini kama darasa lililoulizwa nani kavunja dirisha. Mama Pasi alikuwa mbele, mkono mmoja umeushika wa pili.

"Mimi?" alisema. Hakuniuliza mimi. Aliwauliza wao, akigeuka taratibu, uso kwa uso. "Jamani. Mimi?"

Mwenyekiti akasema apewe mpaka kesho aondoke kwa amani.

Nilirudi chumbani nikajipongeza. Lakini kile kimya chao kinanisumbua.

Aprili 12

Ameondoka na beseni kichwani na pasi mkononi. Nguo za wateja alizokuwa nazo amezinyoosha zote, akazipitisha nyumba kwa nyumba. Mashati yangu ameyaacha kwenye ngazi, yamekunjwa. Amekwenda kwa mpwa wake njia panda.

Sikutoka nje mpaka alipopita.

Aprili 14

Naandika kabla sijavua nguo zilizolowa.

Asubuhi ilikuwa mvua ya manyunyu. Nilipita kwa Mama Pasi, nyumba ikiwa tupu, nataka kunyunyiza maji na kufunga kazi. Uani nilimkuta fundi umeme wa mji, kijana mwembamba wanayemwita Taa, anayetembea na testa ya kupimia umeme mfukoni kama kalamu. Alikuwa juu ya ngazi ya mbao, amevaa glavu nene za mpira, anavuta waya mweusi kutoka ukuta wa jirani kupita juu ya ua. Aliukaza, akashuka, akafungua gunia. Akatoa shuka kuukuu, gauni lisilo na mikono, suruali ya mtoto iliyotoboka. Nguo kavu. Akaanza kuzining'iniza kwenye ule waya, mvua ikinyesha, uani kwa nyumba isiyo na mtu, akibana kibanio kimoja kimoja kwa glavu zake.

Mke wangu alikuwa amesema. Zile si nguo za kuvaa.

Taa aliniona. Hakushtuka, aliona haya kidogo tu, kama mtu aliyekutwa anakojoa. "Shikamoo, Mtaalamu. Nilidhani unajua. Sasa njia imekuwa fupi, hatuzunguki tena."

Nilikwenda kwa Mwenyekiti bila mwavuli. Hakukana. Alinimiminia chai, akanieleza kama baba anayemweleza mtoto mambo ya wakubwa. Waliomba umeme miaka na miaka, wakapewa ahadi. Mashine ya kusaga peke yake ndiyo iliyounganishwa. Basi Taa akavuta kutoka kwenye mashine, nyumba hadi nyumba, na ili wakaguzi wapitao barabarani wasione, waya ukavalishwa nguo. Nguo hazitoki hapo kiangazi wala masika. Za kuvaa huanikwa ndani. Vibanio vimekuwa vikila ganda la waya taratibu, na masika haya yamelowanisha kila kitu. Mtoto wa hapa anajua kabla hajajua kuhesabu kwamba nguo ya nje haiguswi mvuani. Fundi cherehani alikuwa amelewa. Mlinzi alikuwa amelemewa na usingizi. Mume wa Mama Barafu alikuwa anawahi arusi, koti lake liko nje.

"Na Mama Pasi?"

"Alikataa waya kupita kwake. Anasema kamba zake ni za kazi. Tukaapishana wote, na yeye akaapa hatasema kwa mgeni."

"Kwa nini mliniita, basi?"

Alinitazama kwa huruma. Ile huruma nitaichukua kaburini. "Watu wa nje wangekuja na mafundi. Sisi tulimtaka mtu atakayeona majini. Tukasikia habari zako."

Nikamwambia ningeweza kufa mimi, nilishika lile koti mara mbili, mbona hakuna aliyenionya.

"Ulikuwa na mabuti," alisema.

Kisha akanihesabia watakaoumia nikisema. Friji ya chanjo pale zahanati. Mashine. Barafu ya mjane ninayelala kwake. Watoto wanaosoma jioni. Mvua zikiisha Taa atabadilisha waya wote, hakuna atakayekufa tena, maana wote wanajua.

Nilikubali. Ningependa kuandika kwamba nilikubali kwa ajili ya chanjo. Nilikubali kwa sababu niliuona uwanja ule wa shule na mimi nimesimama kwenye ngazi ile ile nikisema nilichosema kilikuwa upuuzi, na kwamba kila mtu pale, pamoja na kuku, alijua isipokuwa mimi.

Aprili 15

Daraja limefunikwa na maji. Hakuna gari. Nimesema tumbo linauma.

Aprili 16

Mama Barafu ameniambia, bila kuulizwa, kwamba koti lile alilianika yeye. Kamba ya ndani ilikuwa imejaa. Alidhani litapata jua kidogo kabla ya arusi. Nililolishika mimi siku ile ndilo hilo hilo, walilirudisha kwenye waya siku aliyozikwa, kwa sababu sehemu ile ilibaki wazi na inaonekana barabarani.

Nilimsaidia kupasua barafu.

Aprili 17

Mvua.

Aprili 19

Maji yamepungua, gari limepita, limemleta mwalimu mpya wa darasa la kwanza. Binti wa juzi tu, kazi yake ya kwanza, sanduku lake bado lina lebo ya dukani. Wamempa nyumba ya Mama Pasi.

Nilimwona akifagia mlango. Kashikilia ufagio kama mtu anayepigwa picha. "Shikamoo, mzee. Wewe ndiye bingwa wa mizimu? Watoto wameshaniambia. Hayo mabuti ni ya kukanyagia majini?"

Nilicheka, ilibidi. Akaniambia ua ni mzuri, una kamba ndefu, ila wenyewe waliohama wamesahau matambara yao, naye atayatoa aanike zake.

Nilikwenda kwa Mwenyekiti kumwambia binti aambiwe. Akasema ataambiwa akizoeleka. Mgeni hupimwa kwanza, huwezi kumpa siri ya mji akiwa hajamaliza mfuko wake wa sukari. Taa yuko macho, ataupandisha juu ule waya wa uani kwa binti. Nikasema sawa. Hili "sawa" langu linanitoka siku hizi bila hata kufikiri.

Aprili 22

Wingu zito. Nilipita makusudi mbele ya nyumba yake. Matambara yameondoka, waya umejaa nguo zake mwenyewe: blauzi nyeupe za kufundishia, sketi, taulo lenye maua. Taa hajapandisha chochote. Binti mwenyewe yuko kwenye ngazi ya mlango anasahihisha madaftari, pekupeku, kidole gumba cha mguu kinacheza.

"Mwanangu," nilisema. "Mvua ikinyesha, usiguse nguo hizo. Hata ziwe za kwako, ziache."

Nilisikia maneno hayo yakinitoka nikayajua ni ya nani.

"Kwa nini, mzee?"

Neno lilikuwa moja tu: umeme. Lilikuwa mdomoni. Nilifikiri, nikilisema, jioni atalisema shuleni, na kesho litakuwa barabarani, na kesho kutwa mtu atauliza, kumbe yule dobi? Nikasema, "Mji huu una mambo yake."

Akacheka vizuri, bila dharau. "Basi jini akizigusa nguo zangu, mwambie na sabuni achangie."

Nilicheka naye. Nilikwenda zangu.

Aprili 23

Jua. Nimefurahi kuliko mtu mzima anavyopaswa kufurahia jua.

Aprili 25

Mvua imekuja mchana, ghafla, watoto wakiwa wametoka shule. Nilikuwa mezani. Nilisikia sauti, si kubwa, kama ya mtu aliyeitwa akataka kuitika. Mama Barafu alisimama pale pale na bakuli mkononi. Hatukuulizana.

Nilikimbia na yale mabuti. Taa alikuwa ameshafika, ameukata waya kwa koleo, anasema "nilikuwa nataka kesho, nilikuwa nataka kesho". Blauzi tatu binti alikuwa ameshazitia kwenye beseni. Ya nne alikuwa nayo mkononi. Hakuna aliyeweza kumkunjua vidole, akabebwa nayo.

Nilimwonya. Nimeliandika hilo hapo juu kwa mkono wangu, mtu anaweza kusoma. Nilimwonya kwa maneno ambayo nilijua hayafai, kwa kuwa mimi mwenyewe niliambiwa hayo hayo nikayapigia mstari kuwa ni uchawi. Nyani haoni kundule, lakini mimi la kwangu nililiona, nikakaa juu yake.

Aprili 27

Sikulala, naandika ya jana.

Mama wa mwalimu alifika na gari la kwanza. Ni mwanamke mfupi, amevaa viatu viwili visivyofanana, aliondoka nyumbani bila kutazama. Gari lile lile lilimleta Mama Pasi. Alikuwa amesikia njia panda kwamba mtu amefia uani kwake, akaja kuzika, kama mtu yeyote mwenye ubinadamu. Pasi yake alikuwa nayo mkononi. Nadhani hana pengine pa kuiacha.

Watu walijaa ua ule na barabara nzima. Waya ulikuwa umeondolewa, ukuta una tundu tu. Mama wa mwalimu alikaa kwenye ngazi aliyokuwa akisahihishia mwanawe, akatuuliza sisi sote, kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Mwanangu alikuwa na ugonjwa gani?"

Akauliza tena. "Aliniandikia juzi hajambo, ana kamba nzuri ya nguo. Amekufa na nini?"

Mwenyekiti alijikohoza. Sidhani alikusudia ubaya, nadhani alikuwa amechoka na ile njia ilikuwa imeshatengenezwa, ni kuipita tu. "Mama, kuna mkono katika mji huu. Tulionyeshwa, tukautoa. Kumbe umerudi." Akageuka akamtazama Mama Pasi.

Watu wakasogea. Si kwa hasira. Hasira ningeielewa. Walisogea kama watu wanaotaka kumaliza jambo warudi nyumbani, na mtu mmoja nyuma akainama akaokota jiwe, akalishika bila kulitazama. Mama Pasi alirudi nyuma mpaka ukuta ukamzuia. Safari hii hakuuliza "mimi?". Aliinua pasi akaiweka mbele ya kifua chake.

Nilipenya. Sijui nani nilimkanyaga. Nilisimama mbele yake, mgongo wangu ukaigusa ile pasi, ikiwa baridi. Nilitaka kuanza na sauti yangu ya kazi lakini haikuwepo.

"Mimi ndiye niliyesema ni yeye," nilisema. "Si yeye. Hakuna jini. Ni umeme. Hizo kamba ni waya wa umeme, umevalishwa nguo, ganda limekwisha. Mvua ikinyesha ukishika nguo unakufa. Mama, mwanao aliuawa na waya. Mimi nilikosea mbele ya watu hawa na hakuna aliyenisahihisha, kwa kuwa kosa langu liliwafaa, na nilipojua nikanyamaza, kwa kuwa kimya kilinifaa mimi."

Nilingoja. Hakuna aliyeshtuka. Kilikuwa kile kile kimya cha uwanja wa shule, na sasa nililijua jina lake. Ni aibu. Walikuwa na aibu tangu siku ya kwanza nilipoanguka topeni, na mimi nikadhani wananionea haya mimi.

Mtu mmoja tu pale alikuwa anasikia habari mpya. Alinitazama, akawatazama wao, mmoja mmoja, taratibu, kama mama anayetafuta mtoto wake kwenye kundi.

"Nani alikuwa anajua?" aliuliza.

Mvua ikaanza, nyepesi. Hakuna aliyetafuta pa kujikinga.

"Nauliza tu. Nani alikuwa anajua kwamba mwanangu akianua nguo atakufa? Ainue mkono, nimwone."

Mwenyekiti alisema, "Mama, hapa si mahali—"

Mama Barafu aliinua mkono. Alikuwa karibu na lango, uso umelowa, na aliuinua mpaka juu kabisa, kama mwanafunzi anayeogopa kutoonekana. Halafu Taa, akiwa bado na glavu. Halafu muuguzi wa zahanati. Halafu mwenye mashine. Halafu sikuweza tena kufuata, mikono ilikuwa inapanda kutoka langoni mpaka barabarani, ya wazee, ya wanawake wenye watoto mgongoni, na ya watoto wenyewe, wa darasa la kwanza, waliofundishwa na yule binti kuinua mkono vizuri, kiwiko kimenyooka. Jiwe likaanguka topeni, aliyelishika aliuhitaji mkono. Wa Mwenyekiti ulikuwa wa mwisho mwisho, haukufika juu.

Nilisikia kitu kikigusa ukuta nyuma yangu. Mama Pasi alikuwa ameihamishia pasi mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa juu. Yeye, ambaye hakuwa na waya, ambaye aliniambia mimi kwa kinywa chake kadiri kiapo kilivyomruhusu, aliuinua na kuuacha hapo.

Mama wa mwalimu alikuwa ameshawatazama wote. Akafika kwangu, nami nilikuwa bado nimesimama mikono imeshuka, kama msemaji, kama mgeni. Alinisubiri.

Nikainua wa kwangu.